Acheni kupima muziki wa Jamaica, Uingereza na Kanada kwa chati ya Marekani

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila unapoanzishwa mjadala wa kulinganisha muziki wa nchi zinazozungumza Kiingereza, hujitokeza mtu akabandika orodha ya nyimbo zilizoshika nafasi ya kwanza kwenye Billboard Hot 100, akahesabu bendera, kisha akatangaza kwamba Marekani imeshinda, Uingereza ni ya pili na waliobaki ni wasindikizaji. Anayehoji huambiwa ana wivu.

Chati hiyo, iliyoanza mwaka 1958, hupima kinachonunuliwa, kinachopigwa redioni na, siku hizi, kinachosikilizwa mtandaoni ndani ya Marekani peke yake. Mnampa mwenye timu filimbi ya refa, halafu mnashangilia ushindi wake kana kwamba mechi ilikuwa ya haki.

Mtazameni Bob Marley. Wimbo wake uliopanda juu zaidi kwenye chati hiyo uliishia nafasi ya 51, mwaka 1976. Miaka miwili kabla ya hapo, "I Shot the Sheriff", alioutunga yeye mwenyewe, ulikuwa umeshika nafasi ya kwanza, ila kwa sauti ya Mwingereza Eric Clapton. Kwa hesabu zenu, pointi inakwenda Uingereza na Jamaica inaambulia sifuri! Huyu ndiye mtu aliyetumbuiza kwenye sherehe za uhuru wa Zimbabwe mwezi Aprili 1980, na sidhani kama kuna daladala Dar es Salaam ambayo haijawahi kupiga nyimbo zake.

Hata hizo bendera hamzihesabu vizuri. Hip hop yote mnaiandikia Marekani, ilhali DJ Kool Herc, ambaye sherehe yake ya Bronx, New York, ya mwaka 1973 hutajwa kuwa chimbuko la muziki huo, alizaliwa Kingston, mji mkuu wa Jamaica, jiji ambalo tayari lilikuwa na desturi ya kufunga maspika makubwa mtaani na kuwa na mtu wa kughani juu ya santuri.

Kwa Uingereza, mwimbaji Robbie Williams alijaza viwanja vya Knebworth kwa siku tatu mfululizo mwezi Agosti 2003, mbele ya watu wapatao 375,000, lakini Marekani hajawahi kufika hata 40 bora. Kanada nayo ililazimika, mwaka 1971, kuziagiza redio zake zitenge asilimia 30 ya muziki kwa kazi za nyumbani, kwa kuwa santuri za jirani zilikuwa zimefunika kila kitu. Mwaka 2016 bendi ya The Tragically Hip ilipofanya onyesho lake la mwisho, wakati mwimbaji wake Gord Downie akiwa na saratani ya ubongo, takriban theluthi moja ya Wakanada walilifuatilia kupitia shirika lao la utangazaji. Ni wangapi humu mliowahi kuitaja bendi hiyo kwenye orodha zenu?

Mwenye kutaka kulinganisha aeleze kwanza anapima nini: mauzo, utunzi, au athari kwa muziki wa nchi nyingine. Akishindwa, abadilishe kichwa cha uzi wake kisomeke "Nyimbo zilizopendwa na Wamarekani", nasi tutampita kimyakimya.