Tupeane uzoefu: msitu bado upo, ila umebaki vipandevipande. Kwako kimebadilika nini?

Mwana_Amani (mleta mada): Wakuu, mada za ukataji miti zimejaa. Mimi nauliza kuhusu msitu ambao haujaisha, umegawanyika tu. Huku Amani, Usambara Mashariki, mgeni anaona kijani kila upande anasifia. Kumbe kijani kingine ni chai! Kuna ndege wa chini ya miti hawakatizi uwazi wa mashamba hayo ya chai. Watafiti walifuatilia mti wa huku, Leptonychia usambarensis, ambao mbegu zake husambazwa na ndege. Matokeo yaliyotoka 2003 yalionyesha kwamba kwenye vipande vidogo ndege hao ni wachache, mbegu zinabaki chini ya mti mama, na miche inapungua. Hondohondo yeye anavuka popote, na anachopenda kubeba ni mbegu za Maesopsis, mti ulioletwa kupandwa. Kwa hiyo msitu unaonekana unajirudishia, lakini si ule.

Mjukuu wa Iliki: Babu alilima iliki chini ya miti mikubwa, alifyeka vichaka tu. Ardhi ilipochoka, watu wakaangusha na miti wakaweka mihogo. Ndivyo Derema, ukanda wa msitu huku Amani, ilivyokaribia kukatika, na ndiyo inayounganisha misitu ya kaskazini na kusini. Baadaye ikahifadhiwa, wenye mashamba wakafidiwa mazao. (Habari ya fidia ifunguliwe uzi wake, hapa hatutalala.)

Raskazone: Sisi wa Tanga mjini tunakunywa maji ya mto Zigi, kupitia bwawa la Mabayani. Masika ikichanganya, maji kwangu yanatoka kama chai ya maziwa. Huko juu mnalima mpaka ukingoni?

Mwana_Amani: Wapo wanaolima hadi ukingoni, mkuu. Pakiachwa ukanda wa miti kando ya kijito, tope linanaswa kabla halijafika mtoni. Na ukanda huohuo ndio njia ya ndege. Ningekuwa na pesa ya kupanda miti sehemu moja tu, ningeanzia hapo, si kwenye mlima mtupu ulio peke yake.

Mghanga: Nawasalimu kutoka Taita. Kwetu vipande vya msitu ni Ngangao, Mbololo na Chawia, katikati ni mashamba na makazi. Kuna pia misonobari na mikaratusi iliyopandwa zamani. Nafuga nyuki: mizinga iliyo karibu na msitu wa asili hujaa, ile ya kwenye misonobari nimeihamisha yote. Pale hakuna maua ya maana. Jirani mwenye maparachichi huniomba nimsogezee mizinga yakianza kuchanua.

Layeni: Kwetu Kitengela si msitu, ni nyika, lakini ugonjwa ni huohuo. Ranchi ya pamoja iligawanywa ploti, kila mtu akaweka ua. Zamani kiangazi nyumbu walielekea Nairobi National Park, nasi tukihamisha ng'ombe kufuata mvua. Siku hizi mvua inanyesha ng'ambo ya ua wa mtu, nami nanunua nyasi.

Mwana_Amani: Layeni, ule mpango ulioanza 2000 wa kuwalipa wenye ardhi kwa ekari wasiweke ua, kwenu uliwafikia? Na waliolipwa, ua hawakuweka kweli?