Fundi kanilipisha kufunga bolti mpya za fluwili na propela, bolti zenyewe nimezikuta kwenye buti hata mfuko haujachanwa!!

Wakuu nina hasira hapa nilipo, uzi ni mrefu mnivumilie, na asije mtu kuniambia "achana naye mkuu, yashapita". Hayajapita, giaboksi inashuka tena na hela ni ya kwangu.

Gari ni Impreza WRX ya 2002, ile ya macho ya duara, injini EJ205, giaboksi ya mkono gia tano. Wale wa "uza hicho kimeo nunua Toyota IST" najua mpo, endeleeni. Klachi ilikuwa imeisha, ukikanyaga gia ya nne mshale wa RPM unapanda gari haiendi, nikaipeleka gereji moja hapa hapa Dar ambayo jina lake nalihifadhi. Sasa mimi sio mtu wa kupeleka gari na kukaa nyumbani nisubiri simu. Kabla ya kazi niliagiza klachi seti nzima, niliagiza bolti zote nane mpya za fluwili (lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini ambalo klachi inalishika), bolti nne na nati zake za propela (shafti ndefu ya chini inayopeleka nguvu nyuma) pale inapoungana na difu ya nyuma (inayogawa nguvu kwa tairi za nyuma), na nati mpya za hub (kitovu cha tairi) za mbele. Vyote vya Subaru wenyewe, vina lebo na pati namba. Nikamkabidhi fundi mkononi, nikamwambia kaka hizi ndo utafunga, na toki (kipimo cha nguvu ya kukaza) ya kila moja nimekuandikia kwenye karatasi hii. Akaitikia "sawa bosi, hiyo haina shida". Risiti ninayo, mstari kabisa umeandikwa "kubadilisha bolti fluwili + propela", na nimelipia.

Nikaichukua gari, klachi laini, nikafurahi. Baada ya hapo kikaanza kimtetemo, ukifika 80 hivi unakisikia kwenye sakafu na kwenye kiti, sio kwenye usukani. Nikampigia, jibu lake: "bosi hiyo ni balansi ya tairi". Nikaenda kubalansi tairi. Mtetemo uko palepale. Nikampigia tena, "basi hiyo ni klachi mpya, itazoea". Klachi inazoea mtetemo aisee!

Jumamosi naenda Morogoro, nimefika Kibaha nikasikia kishindo chini kama mtu kapiga nyundo, halafu kelele za chuma zinafuatana na mwendo. Nikatoa gari pembeni, bahati kuna kijana fundi ana kibanda hapo jirani, akasema tuipandishe. Nafungua buti nitoe jeki, nanyanyua kapeti, nakutana na mfuko wangu. Mfuko ULE ULE, na lebo yake, umebanwa pini vilevile nilivyoupeleka, bolti nane za fluwili ndani, nne za propela ndani, na zile nati za hub. Nilisimama pale na ule mfuko sijui nicheke au nilie.

Kijana akaingia chini. Kwenye flenji (sahani mbili za chuma zinazobanana) ya propela na difu kunatakiwa bolti nne. Moja imekatika, kichwa hakipo. Mbili zinazunguka kwa vidole, spana haihitajiki. Ya nne ndo iliniua kabisa, ni bolti ya hardware, ya rangi ya fedha inayong'aa, kichwani haina namba hata moja, maana yake walipoteza ya kwangu ya zamani wakaenda duka la jirani kununua inayofanana unene, wakati mpya za kampuni ziko kwenye buti ya gari hiyo hiyo wanayoitengeneza!!!

Kipande kilichokatika ninacho hapa mezani. Ukikiangalia pale kilipokatikia, sehemu kubwa ni laini na ina mistari mistari imepinda kama ufukwe maji yanapopungua, halafu pembeni kuna sehemu ndogo ina chengachenga za kijivu. Wanaojua vyuma watanielewa. Ile laini ni ufa uliokuwa unatembea polepole kwa muda, ile ya chenga ndo ilikatika siku yenyewe. Kwa hiyo asiniambie nilipita kwenye tuta vibaya. Hii bolti ilikuwa inakufa kidogo kidogo tangu ilipotoka kwake.

Na sababu sio siri. Flenji mbili zikikazwa sawasawa zinashikana kwa msuguano zenyewe, bolti kazi yake ni kuvuta tu zibanane. Zikilegea, mzigo wote wa kuzungusha unahamia kwenye mwili wa bolti, inapigwa huku inapigwa kule, na propela ya gari hii ukiwa 100 inazunguka karibu mizunguko 3000 kwa dakika, jipigie hesabu. Zingeisha zote nne ile shafti ingedondoka upande wa nyuma inazunguka, iko chini ya sakafu ya gari, na nyuma nilikuwa nimebeba watoto.

Kijana wa Kibaha, Mungu ambariki, akafunga zile mpya palepale, kwanza akasafisha uso wa flenji kwa kitambaa na brashi, akakaza kwa kukatisha msalaba. Toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) hana na alisema ukweli kwamba hana, akaniambia "mzee, ukifika mjini zipimwe hizi". Zile zinataka toki ya 31 Nm tu, sio nguvu ya kupandia spana kwa mguu. Kwa hiyo propela imepona. Shida iko kwenye fluwili.

Maana kama nane mpya ziko kwenye mfuko, basi mle ndani kuna za zamani. Gari ina zaidi ya miaka 20, hizo bolti zimeshafunguliwa mara ngapi huko Japani na hapa? Najua kuna mtakaosema za Subaru zinarudiwa mkuu, sio kama za magari ya Ulaya zinazokazwa kwa digrii mpaka zinavutika. Sawa, lakini kama kashindwa kukaza nne za propela ambazo anaziona kwa macho, nimuamini kwenye nane zilizojificha nyuma ya klachi? Zile ni 72 Nm, kwa hatua, kwa msalaba. Zikilegea fluwili inaanza kugonga, mlio wake ni kama konrodi (mkono wa pistoni) imeenda, watu wameshashusha injini kwa mlio huo. Zikikatika ndo unaharibu mpaka mwisho wa kreni shafti (shafti kuu ya injini).

Nikageukia mbele. Nati ya hub upande wa kulia ina makovu MAWILI ya patasi. Ile nati inagongwa ukingo uingie kwenye mfereji wa shafti isifunguke, ukiifungua inatupwa, unaweka mpya. Wao wamerudisha ileile wakaigonga sehemu nyingine. Na inataka zaidi ya 180 Nm, breki imekanyagwa, tairi iko hewani, kwa sababu ukiishusha gari uzito ukakaa kwenye beringi kabla nati haijakazwa, beringi unaiua mwenyewe. Wao nimewaona kwa macho yangu wanashusha kwanza ndo wanapiga mashine ya upepo trrrrrr basi.

Leo nimeenda pale na mfuko, na kipande, na risiti. Anajibu nini? "Bosi bolti ni bolti, na zile za zamani ndo original, hizi za siku hizi feki." Nikamuuliza toki renchi iko wapi, akainua mkono wake wa kulia akanionyesha, vijana wake wakacheka. Nikamuuliza hii ya hardware daraja gani, hajui. Bolti yenye 8.8 kichwani inastahimili mvuto wa MPa 800 (kipimo cha nguvu ya chuma) kabla haijakatika, zile zisizo na alama mara nyingi ni nusu ya hapo. Na sio daraja tu, bolti za M10 (unene milimita 10) za gari za Japani nyingi nyuzi zake zimeachana milimita 1.25, za hardware ni 1.5, wao wanalazimisha kwa mashine mpaka inaingia, wanaita imekaza. Ni mchezo uleule wa kuweka nati za tairi za Toyota za 1.5 kwenye stadi za Subaru za 1.25, nenda gereji yoyote utaukuta.

Ninachotaka: ashushe giaboksi bure, afunge nane mpya mbele yangu, na arudishe hela ya kazi aliyoiandika kwenye risiti na hakuifanya. Yeye anasema atashusha nikilipa nusu. NUSU! Ya kazi gani?

Nyie wenye hizi gari hebu lala chini leo uangalie zile nne za nyuma, ukiona vumbi la rangi ya kutu limezunguka kichwa cha bolti jua inacheza. Ukishakaza kwa toki piga mstari wa rangi kutoka kwenye bolti mpaka kwenye flenji, siku mstari ukiachana unajua.

Halafu gari haitembei mpaka ishushwe, nimeamua kwenda kwa fundi mwingine na huyu tutaonana kwa njia nyingine, aliyewahi kumdai fundi kwa risiti akafanikiwa aje aniambie alianzia wapi. Na mwenye toki renchi ya uhakika inayoanzia chini ya 30 mpaka 200 Nm, maeneo ya Tabata au Segerea, naiazima Jumamosi, dhamana naacha, njoo PM.