Kwa nini upepo wa kusi hautuletei mvua Nairobi mwezi wa Julai?

Mwalimu wa Kasarani:
Ndugu zangu, hamjambo. Ninafundisha jiografia, na mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili ameniuliza swali linalostahili jibu kamili. Upepo wa kusi huvuma kutoka Bahari ya Hindi tangu Mei hadi Septemba hivi, umebeba unyevu tele, na ndio huohuo unaoinyeshea India. Iweje basi Nairobi mwezi wa Julai tupate baridi, mawingu na manyunyu yasiyotosha hata kitalu cha sukuma wiki?

Mpima Mvua:
Mwalimu, mwanafunzi wako ameona jambo la maana sana. Mwambie kwanza kwamba unyevu peke yake haunyeshi. Sharti hewa ipande na kupoa, ndipo mvuke ugeuke matone. Mwezi wa Julai jua huwa kaskazini mwa ikweta, na ule ukanda ambao pepo za pande mbili za dunia hukutana na kuisukuma hewa juu huwa umehamia Ethiopia na Sudan. Upepo wa kusi kwetu ni mpita njia: ukivuka ikweta hupinda kufuata mwambao wa Somalia, huongeza kasi, kisha hukata Bahari ya Arabu. Mkondo huo, ambao mtaalamu wa hali ya hewa John Findlater aliueleza mwaka 1969, ndio unaolisha mvua za India, ambazo kwa kawaida hufika Kerala mwanzoni mwa Juni na kumwagika pale milima ya Western Ghats inapoilazimisha hewa kupanda. Huku kwetu hewa hutawanyika badala ya kukusanyika, na juu yake hukaa tabaka lenye joto zaidi linaloyabana mawingu kama kifuniko cha sufuria. Mawingu hutanda, hayakui. Ndiyo maana mashamba ya chai ya Limuru huamka yamelowa ukungu, na alasiri jua huchungulia bila ngurumo hata moja.

Mzaliwa wa Lamu:
Maelezo ni mazuri, ila msomaji asije akadhani kwamba kusi ni mkavu kila mahali. Pwani, upepo huo unapoanza kushika, ndipo masika hukolea. Mombasa, kwa kawaida, Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Mkavu hasa ni kaskazi, unaovuma Desemba hadi Machi kutoka upande wa Arabuni, na Lamu Januari na Februari karibu hakunyeshi kabisa. Mvua zetu kubwa, masika na vuli, huja pepo hizi zinapopokezana zamu, ukanda wa mvua unapopita juu ya ikweta.

Shamba Machakos:
Mwalimu, msiiache bahari yenyewe. Mwaka 1997 na 2019 maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yalikuwa na joto kuliko kawaida, ya upande wa Indonesia yakapoa, na vuli ikaleta mafuriko. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosa katika maeneo kame ya Kenya, Somalia na Ethiopia. Ninaishi Nairobi lakini ninalima Ukambani, ambako vuli hutegemewa kuliko masika. Kwa hiyo kila Septemba hufuatilia habari za joto la bahari kabla ya kuamua nitapanda mahindi au mtama.