MF 290 asubuhi hainyanyui plau, Multi-Power nayo haishiki: nifunge pampu iliyotumika au niuze trekta?

Mkulima wa Uwemba: Wakuu, habari za majukumu. Nina Massey Ferguson, MF 290 ya zamani, injini ya Perkins silinda nne. Mvua zimeanza huku Njombe, majirani wanalima, yangu imesimama. Asubuhi nikiwasha, mikono ya nyuma hainyanyui plau na chini ya kiti kuna mlio wa kukereza. Ikishapata moto inapanda kwa kusitasita. Multi-Power, ile ya kubadili mwendo wa haraka na taratibu ndani ya gia ileile, nikiweka ya haraka, injini inanguruma ila trekta haivuti, hasa mlimani. Fundi anasema pampu imekufa, na Tunduma ipo moja iliyotumika. Oili ipo, haijapungua. Swali langu ni moja tu: nifunge hiyo pampu au niuze trekta niwe nakodi? Usingizi sipati.

Kijana wa Soweto: Uza mkuu, chukua pawatila. Spea zake Mbeya mjini zimejaa.

Bonde la Usangu: Pawatila kwa mpunga wetu wa Mbarali sawa. Kwa milima ya Uwemba utamuua mwenzio kwa kazi.

Mama Viazi: Mwanangu, kabla ya kuuza au kununua, acha kwanza kubeba tela na trekta hiyo. Multi-Power ikiwa kwenye ya taratibu, injini haikamati mteremkoni, trekta inaserereka yenyewe. Kushuka ni lazima iwe kwenye ya haraka, na wewe unasema ya haraka haishiki! Dereva wangu alishuka Isyonje na gunia za viazi akiwa kwenye ya taratibu, breki zikazidiwa, akaruka. Alipona, tela likaishia korongoni. Mpaka leo dereva mpya namfundisha hilo kabla sijampa ufunguo.

Mkulima wa Uwemba: Shikamoo mama, nimekusikia. Tela sibebi. Je, kuhusu pampu?

Mzee wa Isimani: Baba yangu alikuwa tanboi, msaidizi wa dereva wa trekta, hapa Isimani miaka ya 1960, mahindi yakilimwa mpaka macho yanachoka kutazama. Alikuwa hapandi trekta asubuhi bila kuchomoa dipstiki na kuisugua oili kwa vidole. Vijana siku hizi mnasikiliza fundi kabla hamjagusa oili. Hilo linaniuma.

Spana 17: Mzee kaanza vizuri. Mleta uzi, pampu ya kunyanyulia ya MF hiyo ni ya pistoni nne, imezama ndani ya oili ileile ya gia na difu, inazungushwa na shafti ya PTO, ile inayoendesha mashine za nyuma. Multi-Power inatumia oili hiyohiyo. Viwili vikigoma pamoja, anza na kile wanachochangia. Tena pampu iliyochakaa huwa kinyume na yako: asubuhi oili ikiwa baridi inanyanyua, ikipata moto inapwaya. Yako baridi ndiyo inayoishinda. Hapo pampu inafyonza kwa shida, ama chujio limeziba ama oili ni nzito mno. Ndani umeweka oili gani?

Mkulima wa Uwemba: Ya kawaida mkuu, ya dukani. Tusitoke kwenye mada. Pampu ya Tunduma mnaionaje?

Bonde la Usangu: "Ya kawaida" ndiyo ipi? Soma kopo.

Mkulima wa Uwemba: Sili ya nyuma ilikuwa inavuja, nikawa najazia. Shemeji ana lori, alikuwa na dumu la oili ya gia, ile nzito ya namba 140. Lakini gia ni gia, na fundi alisema nzito inalinda meno. Oili ya trekta bei yake mnaijua. Halafu pampu nimeshaitolea nusu ya hela, ya kikoba, siwezi kurudi nyuma.

Mama Viazi: Hela ya kikoba ni ya wenzako, mwanangu. Mkeo anajua?

Kijana wa Soweto: Subirini. Huyu fundi aliipima vipi pampu?

Mkulima wa Uwemba: Aliifungua nikiona. Ipo ubavuni mwa injini, kwa mbele, ina kikopo chake cha oili. Akaifungua, akaitazama, akasema imekula.

Kijana wa Soweto: Hii ni chai! Spana kasema pampu imezama ndani nyuma, huyu anasema ipo kwenye injini. Hana trekta. Ni mwenye pampu ya Tunduma anatafuta mteja.

Bonde la Usangu: Hata mimi nimeanza kutilia shaka. Tupia picha.

Mkulima wa Uwemba: Nimeweka picha mbili. Nalala njaa halafu mnaniita mwongo?

Spana 17: Nimeziona, trekta ipo. Mkuu, hiyo yenye kikopo ni pampu ya stelingi! Haihusiki kabisa na plau. Ya kunyanyulia haifikiwi bila kumwaga oili ya nyuma. Kama ya Tunduma inafanana na hiyo ya pichani, unanunua pampu ya stelingi. Piga simu leo, usimalizie hela.

Mkulima wa Uwemba: Picha ya muuzaji inafanana nayo. Ina kikopo. Sasa nifanyeje? Kesho nilipanga kulima.

Spana 17: Kesho usilime. Washa trekta ipate joto, zima, mwaga oili yote ya nyuma. Ikitoka nyeupe kama mtindi, maji yameingia, kagua mpira wa chini ya gia liva. Fungua kifuniko cha ubavuni, osha chujio kwa dizeli, tazama vumbi la chuma. Badili ile sili. Jaza oili ya trekta inayotumika kwa gia na hadroliki pamoja. Ikigoma bado, ndipo tufunge geji ya kupima presha. Vali ya usalama hufunguka kati ya psi 2,500 na 3,000. Ukisoma chini ya hapo, tutaongea habari za pampu.

Mkulima wa Uwemba: Muuzaji anasema hela hairudi, ila anaweza kunipa spea nyingine.

Mzee wa Isimani: Muulize kama ana sili ya nyuma na chujio.

Mkulima wa Uwemba: Sili anayo. Chujio analitafuta.