Naomba ushauri: kumuongeza damu paka bila vipimo vya kundi la damu

Asalaam aleykum wataalamu. Niko Chake Chake. Paka wa kilo 3, viroboto wamemmaliza, hematokriti (sehemu ya damu iliyo seli nyekundu) asilimia 11, anahema juu juu. Mtoaji yupo: kilo 4.5, hematokriti 36.

Hesabu yangu (kilo × mililita 60 za damu kwa kilo × hematokriti ninayolenga kutoa ya sasa ÷ ya mtoaji): 3 × 60 × (20 − 11) ÷ 36 = mililita 45, yaani 10 kwa kila kilo ya mtoaji, si zaidi. CPDA-1 (dawa ya kuzuia damu isigande) nitatia mililita 6.5, uwiano wa 1 kwa 7. Mfuko wa binadamu wa mililita 450 haufai mzima mzima. Dawa iliyomo ndani yake ni ya damu nyingi, kwa hiyo nitaivuta kiasi hicho tu kwa bomba la sindano.

Shida ni kundi. Mbwa anayeongezwa damu mara ya kwanza ana nafuu, lakini paka huwa na kingamwili za asili za kukataa damu ya kundi jingine: wa kundi B akitiwa damu ya kundi A, hata mililita moja yaweza kumuua. Vipimo vya kundi sina. Nimebaki na kulinganisha damu ya mtoaji na ya mpokeaji: seli za mtoaji zioshwe kwa salaini mara 3, tone 1 lichanganywe na matone 2 ya plazma (maji ya damu) ya mpokeaji, dakika 15 kwenye joto la 37, kisha nitazame mabonge, yakiwepo damu hazipatani.

Je, nikitazama kwenye kipande cha kioo tu, bila sentrifuji (mashine ya kuzungusha damu), jibu laaminika? Plazma ikitengwa kwa kutuama tu inatosha? Na virusi vya lukemia na vya upungufu wa kinga kwa mtoaji, nani ana vipimo Unguja?

Dripu ya Ringa laktati msinishauri kwenye mpira wa kutilia damu. Kalsiamu yake hugandisha damu.