Binti anaumwa kichwa, malaria hana

Mama Nasra: Wapendwa, binti yangu wa miaka 10 kichwa kinamgonga paji lote, anatapika, anajifunika uso kwa kanga yangu hataki mwanga. Akilala masaa mawili anaamka mzima, anadai ugali. Malaria akipimwa hana, macho yako sawa. Roho inaniuma. Ni nini?

Nesi wa Zamu: Pole dada. Inafanana sana na kipandauso, yaani maumivu makali ya kichwa yanayojirudia (migraine). Kwa watoto mara nyingi huuma pande zote mbili. Mpe ibuprofeni mapema kikianza tu, miligramu 10 kwa kilo ya uzito, isizidi miligramu 400 kwa mara moja. Ikitumika siku nyingi, dawa yenyewe huleta kichwa. Aspirini usimpe kabisa.

Baba Imani: Wangu alikuwa anawahi daladala alfajiri tumbo tupu. Uji na chupa ya maji vimempunguzia sana.

Mama Nasra: Huyu naye hali asubuhi! Hata mimi usichanani niliumwa hivi.

Nesi wa Zamu: Mwambie daktari hilo, hurithiwa. Ila maumivu yakimwamsha usiku, akilegea upande mmoja, au shingo ikikaza na homa, hospitali hapohapo.