Naomba ushauri: nianze na Ra au na Akhenaten?

Habari zenu ndugu zangu. Nafundisha historia sekondari, na wanafunzi wa klabu yetu wameniomba niwaandalie mada ya miungu ya jua ya Misri ya kale. Nina kipindi kimoja tu, nimekwama kwenye mpangilio.

Kuna Ra, ambaye habari zake ni tamu mno. Alfajiri ni Khepri, mwenye sura ya mbawakawa anayeviringisha kinyesi. Jioni ni Atum. Usiku anavuka kuzimu kwa mashua kwa muda wa saa 12, joka Apophis likitaka kumzuia.

Halafu kuna Farao Akhenaten, karne ya 14 KK, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Alimwinua Aten, sahani ya jua yenyewe, akapiga vita ibada ya Amun, mungu mkuu wa wakati huo, na kujenga mji mkuu mpya, Akhetaten. Aten huyu, baada ya miaka ya mwanzo ya utawala wake, hakuchorwa tena na kichwa cha kipanga kama Ra, bali duara lenye miali inayoishia kwa viganja vya mikono. Baada ya kifo cha Akhenaten ibada za zamani zikarudi, na farao kijana Tutankhaten akabadili jina kuwa Tutankhamun.

Najua swali litakalokuja: je, Akhenaten ndiye wa kwanza kuabudu Mungu mmoja? Darasani nina Waislamu na Wakristo, nami sitaki imani ya mtoto yeyote ichezewe. Walimu wenzangu mliowahi kufundisha mada hii, mlilijibuje? Na nianze na yupi?